Kuku Wetu Wamenona

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Upepo wa Agosti umevuma Voi tangu asubuhi na vumbi jekundu limeingia mpaka ndani ya kopo la majani chai. Nimefuta meza mara tatu. Mimi nikikasirika hufuta meza.

Leo nimemfumania mume wangu jikoni. Usikimbilie mbali, mambo ni ya jikoni tu. Nitaeleza kwa utaratibu, kwa sababu nikianza na hasira nitaonekana sina kosa, na kosa ninalo.

Hii ni wiki ya kumi na moja tangu nianze kupunguza uzito. Mwishoni mwa mwezi wa tano Bi Zuhura, muuguzi wa lishe pale kliniki, alinipima akaniambia sukari yangu imeanza kupanda. Haijawa ugonjwa, alisema, ila iko mlangoni. Wengine wakiambiwa hivyo huenda zao wakanywa chai. Mimi mama yangu anaishi kule Mbololo na mguu mmoja. Wa kushoto ulikatwa miaka mitano iliyopita kwa sababu ya hiyo hiyo sukari, na mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono asubuhi walipomwingiza chumba cha upasuaji. Tangu siku hiyo nikiona sahani ya wali naona magongo ya Mama yameegemezwa ukutani.

Bi Zuhura alinipa kiwango: kalori elfu moja na mia tano kwa siku. Akasema nisizidishe, na nisishuke chini yake.

Nilisikia nusu ya kwanza.

Binti yetu Wakesho, ambaye yuko chuo Nairobi, aliniwekea programu kwenye simu. Unaandika ulichokula, inakupa nambari yake, na jioni inakuonyesha rangi: kijani ukifikia kiwango, nyekundu ukikosea. Programu hii inajua tufaha. Inajua mkate wa aina saba. Inajua samaki ambao sijawahi kuwaona hata kwenye picha. Nikaandika kimanga, ikakaa kimya. Kimanga, chakula ambacho kila Mtaita amelelewa nacho, maharagwe na viazi vitamu vilivyopikwa pamoja vikapondwa kwa mwiko mpaka vishikane, simu haikijui. Nikajaribu mbaazi za nazi, nikajaribu muhogo wa kuchemsha, nikapewa vyakula vya watu wengine vinavyofanana navyo kwa mbali.

Basi nikaanza kuvishuku. Chakula kisicho na nambari nilikiona kama mgeni anayebisha hodi na hataki kutaja jina. Nikakiondoa kimanga, kisha muhogo, kisha mbaazi, kisha chapati hata ile nusu. Mwisho wa mwezi wa sita nilikuwa nimebaki na mayai, kabichi, kipande cha mkate na tufaha moja.

Watu hudhani shida ya kujinyima ni kujizuia. Ilikuwa hivyo wiki nne za mwanzo, nilikuwa naota mandazi. Halafu njaa ikaondoka. Nilifurahi, nikadhani nimeishinda. Sikujua kwamba itaondoka na nguvu zangu zote. Ikifika jioni naona nimekula kalori mia nane au tisa, bado mia sita na zaidi, na koo limefunga. Nashika kijiko, natazama maharagwe, na kichwani nahesabu vidole vya mguu.

Sasa kosa langu. Simu inaonyesha nyekundu ukizidisha, lakini pia ukipunguza, na hutuma ujumbe wa kukuonya. Na Bi Zuhura huitazama kila nikienda kliniki. Kwa hivyo nikawa naandika chakula ambacho sikukila. Maharagwe bakuli moja, kiazi kimoja, yai. Chakula chenyewe kilikuwa kweli kwenye sahani, hilo lilinifanya nijione si mwongo sana. Nilikuwa nachukua sahani natoka nayo nje, nasema nakwenda kupunga hewa. Nyuma ya jiko tuna kuku sita. Narudi na sahani tupu.

Nilikuwa naidanganya simu, na simu ilikuwa inanipongeza.

Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Tano, na nimefundisha miaka kumi na tisa sasa. Daftari lililonakiliwa nalijua kabla sijalifungua. Mtoto akisema amesahau kitabu nyumbani, natazama masikio yake. Sikuwahi kufikiria kujitazama mimi.

Mwezi uliopita, wiki moja kabla ya shule kufungwa, nilikuwa naandika sentensi ubaoni nikaona ubao unarudi nyuma. Nikakaa sakafuni. Nikawaambia watoto natafuta chaki. Msichana wa dawati la mbele akasema kwa adabu kabisa, "Mwalimu, chaki iko kwa mkono." Nikacheka, nikasimama nikishika meza, tukaendelea na somo. Sikumwambia mtu. Lakini Mwalimu Righa anafundisha katika chumba cha pili kutoka changu na macho yake hayalali.

Mji nao ulikuwa umeanza kunitazama. Hapa kwetu ukikonda hakuna anayekupongeza, watu huteremsha sauti. Mama mmoja sokoni aliniongezea nyanya mbili bila kuombwa, akasema pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akaniongezea na ya tatu.

Basi wiki tatu zilizopita uzito ukakwama. Nakula kidogo kuliko ndege na mzani hausongi hata kidogo. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akapumzika. Mimi nilifungua uchunguzi.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mzani wenyewe, ule wa duka la dawa karibu na soko. Nilinunua unga wa kilo mbili, nikapanda nao, nikashuka, nikapanda bila unga. Tofauti ilikuwa kilo mbili kamili. Mzani hauna hatia. Muuzaji wa dawa aliniuliza kama niko sawa.

Mshukiwa wa pili alikuwa Mwalimu Righa. Alikuwa ndiye mmiminaji wa chai katika chumba cha walimu, na niliona chai yangu ina maziwa mengi. Lakini shule ilifungwa, chai yake ikaisha, na uzito ukabaki pale pale.

Akabaki mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mume wangu, Baba Wakesho, ni fundi wa reli na mtu wa maneno machache. Katika miaka ishirini na mbili ya ndoa yetu amepika mayai na chai, na mara moja ugali ambao hatuuongelei. Kisha ghafla, wiki hizo hizo tatu, kila jioni anasema nipumzike, atapika yeye. Alikuwa hata ananiandalia kabichi yangu pembeni, kwenye sufuria ndogo, na kuniletea mezani huku amefunga leso yangu kiunoni. Nani asingeshuku?

Na kabichi ile ilikuwa na ladha. Kabichi ya kuchemsha haina ladha, na mimi niliichagua kwa ajili hiyo. Hii ilikuwa inateleza kooni bila kusukumwa. Nilikuwa naimaliza. Hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi, kwamba sahani zote nilizipeleka kwa kuku isipokuwa ile ya kabichi.

Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikatia alama ndogo kwenye chupa ya mafuta, pale mafuta yalipofika. Nikaiangalia siku sita. Mafuta hayakushuka hata unywele. Hapo nilijua mshukiwa wangu amenizidi akili.

Naye alikuwa na maswali yake. Jumapili iliyopita alisimama mlangoni na kikombe cha chai akitazama uani.

"Mama Wakesho, hizo kuku zako zinakula nini siku hizi? Zimenona hata kutembea ni shida."

Nikamwambia ni majani. Agosti, Voi, majani. Akanitazama kidogo, akanywa chai yake, akasema, "Sawa."

Alhamisi nilikwenda kliniki. Sukari imeshuka. Bi Zuhura alirudia kupima ili awe na hakika, kisha akanionyesha nambari, nami nikataka kulia palepale kwenye kiti. Nilikumbuka pia kwamba kizunguzungu kimeniacha karibu wiki tatu. Nikasema moyoni, unaona, kujinyima kunalipa. Ila Bi Zuhura hakuitazama simu yangu kama kawaida yake. Aliiweka kando, akaniuliza jambo la ajabu.

"Nyumbani mwala pamoja, mwalimu? Wewe na mzee?"

Nikasema ndiyo. Akatabasamu akitazama karatasi zake. "Basi zungumzeni. Chakula ni maneno pia."

Nilitoka pale na furaha mkono mmoja na shaka mkono wa pili. Muuguzi anajuaje habari za meza yangu?

Leo asubuhi nikatega mtego. Nilimwambia Baba Wakesho nakwenda mazoezi ya kwaya na nitarudi mchana. Nikavaa, nikachukua kitabu cha nyimbo, nikatoka. Nilifika duka la kona, nikanunua soda ambayo sikuifungua, nikasimama hapo nusu saa nikijifanya nasubiri mtu. Kisha nikarudi. Mlangoni nilivua viatu nikavishika mkononi. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mzee wa kanisa, ananyemelea nyumba yake mwenyewe.

Kinu changu kilikuwa katikati ya jiko, kimewekwa juu ya gunia lililokunjwa mara nne ili kisitoe sauti. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda anatwanga njugu, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Pembeni kulikuwa na nazi iliyokunwa kwenye bakuli. Kwenye meza kulikuwa na daftari la mistari, limefunguliwa, na kalamu juu yake.

Hakuruka. Alinitazama miguu, akaona viatu mkononi.

"Umerudi mapema."

"Hiyo ni nini?"

"Njugu."

"Za nani?"

"Zako."

Nilichukua daftari, kwa sababu mwalimu huanza na daftari. Niliona mwandiko wake wa fundi, herufi kubwa zilizosimama wima. Kila siku ilikuwa na mistari miwili, mmoja wangu na mmoja wa kuku.

Jumatatu. Mama Wakesho: njugu vijiko viwili, nazi kidogo, kabichi amemaliza. Kuku: maharagwe yote.

Jumanne. Mama Wakesho: njugu vijiko vitatu, amemaliza. Kuku: kiazi kimoja, mkate.

Jumatano. Mama Wakesho: nazi, njugu vijiko viwili, amebakisha. Kuku: maharagwe, yai.

Yai. Niliwalisha kuku yai. Nilipokuwa nafanya sikuliona, lilikuwa chakula cha kuondoa tu. Nililiona leo kwa mwandiko wa mtu mwingine, na nilitaka sakafu ifunguke.

Nimewasimamisha watoto wengi mbele ya meza yangu na daftari mkononi. Sikujua kwamba masikio huwa moto kiasi hiki.

Kurasa zilikuwa karibu ishirini. Aliniambia bila kuinua kichwa, akiendelea kukoroga njugu kwa kidole. Mwalimu Righa alimpigia simu siku ile ile ya chaki. Kesho yake asubuhi mume wangu alitoka uani kunawa, akaona kuku wote sita wananikimbilia kabla sijafungua mdomo kuwaita, akaelewa. Akaenda kliniki peke yake kumuuliza Bi Zuhura ni chakula gani kinampa mtu nguvu na hakimpandishi sukari. Bi Zuhura alimtajia njugu, nazi kidogo, maharagwe, lakini akamwambia pia asitie kitu kwenye sahani ya mtu kwa siri, aniambie mwenyewe.

Hakuniambia.

Nilikasirika, na sitaficha hapa kwamba bado nimekasirika. Nilimwambia mimi si mtoto wa kufichiwa dawa ndani ya uji. Nilimwambia mwili ni wangu, na hofu ni yangu, na mguu uliokatwa ulikuwa wa mama yangu. Nilimwambia wiki tatu nimekuwa nikiona naanza kuwa kichaa, natia alama chupa ya mafuta.

"Niliiona hiyo alama," akasema. "Ndio maana sikugusa mafuta."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungebadilisha tu mahali pa kuficha."

Ni kweli. Nilikuwa tayari nimeshaufikiria ua wa jirani, upande ule wenye mbwa.

Kisha akasema neno ambalo sijawahi kulisikia kwake miaka yote hii, hata mwaka ule behewa lilipombana mkono. Alisema, "Niliogopa." Akaweka mchi chini. "Mamako alipoteza mguu, bado tunaye. Wewe ulikuwa unaenda mzima mzima, juu ya kukosa kula, na unaniambia umeshiba."

Nikaweka viatu chini. Nikafuta meza.

Nikiwa naifuta nililisogeza daftari, likafunguka ukurasa wa mwisho. Huko nyuma kulikuwa na mwandiko mwingine, mdogo na mzuri, wa Bi Zuhura. Alikuwa amemwandikia mume wangu orodha ya vyakula vya nyumbani na kalori zake kwa makadirio. Muhogo. Mbaazi za nazi. Na cha tatu, kimanga, donge la ukubwa wa ngumi, na nambari mbele yake. Kumbe kimanga kilikuwa na nambari wakati wote huu, jikoni kwangu, nami nilikuwa naitafuta kwenye simu. Nambari yenyewe wala haikuwa ya kutisha. Ilikuwa nambari tu.

Mchana tulipika kimanga. Mimi nilichambua maharagwe, yeye akamenya viazi, na mwiko nikaushika mimi kwa sababu yeye huponda kama anagonga reli. Tulipima donge kwa ngumi yangu. Nililikula mezani, mlango wa uani umefungwa. Sitaki kusema uongo tena, kwa hivyo nitasema lilikuwa tamu na lilikuwa kazi ngumu. Kila tonge nililomeza niliona magongo. Nilichukua karibu saa nzima. Yeye hakunitazama hata mara moja, alikuwa anatengeneza redio ambayo haijaharibika. Donge la pili lilinishinda katikati, nikaliacha kwenye sahani pale pale, mbele ya macho yake, na sahani haikwenda popote.

Tumekubaliana. Njugu zitakaa mezani kwenye kopo la wazi na mimi ndiye nitakayezitia. Daftari litabaki, lakini mstari wangu nitauandika mimi. Wiki ijayo nitakwenda kwa Bi Zuhura, nimwambie kwamba nusu ya yale aliyoyaona kwenye simu yangu yalikuwa chakula cha kuku. Nitamwambia pia kwamba naogopa kula. Hilo sijawahi kulitamka kwa mtu, hapa ndipo naliandika mara ya kwanza.

Shaka haijaisha, ujue tu. Saa tisa alipokwenda kulala kidogo nilinusa sufuria ya kabichi. Nikanusa na chai. Mazoea ni mazoea, na siku ishirini za kulishwa kwa siri hazifutiki kwa donge moja la kimanga. Lakini nimeona pia jambo moja la kuniumiza: katika nyumba hii mwenye haki ya kushuku hakuwa mimi.

Jioni hii nimeandika kwenye simu kile nilichokula kweli, hadi kipande cha tufaha. Imetoka kalori elfu moja na mia moja na kitu. Nyekundu. Simu imenitumia onyo lake kwamba sijala vya kutosha, na kwa mara ya kwanza tumekubaliana mimi nayo. Kesho nitaanza na uji, nione nitafika wapi.

Kabla ya kukaa kuandika nilitoka uani kuwawekea kuku maji. Walinikimbilia wote sita, wazito, wakiyumba, wakaizunguka miguu yangu yote miwili wakiitazama mikono yangu. Nikaifungua nikawaonyesha. Hakukuwa na kitu.